Alama Saba kwenye Pete ya Springi

6 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kuku wako wameacha kutagia ndani ya sanduku la vifaa. Sisi hatujambo. Mama hajambo. Kaka amepata kazi ya kuuza matangi ya maji na sasa anaongea na kila mtu kama anayeongea na mteja, hata akiomba chumvi mezani. Mimi nimeongeza cherehani ya pili. Nina oda za sare za shule mbili, na ndiyo maana mwaka jana nilinunua pikipiki ya kuzungushia mizigo. Najua ulisikia. Najua na ulichosema, maana dereva wa lori la kokoto ni mbea na alinifikishia neno kwa neno: mpwa wako amenunua mashine ya kusagia nyanya akaifungia taa.

Ningekupigia simu kama watu wengine wanavyopigiana, lakini wewe simu ulishaikataa, eti umechoka watu kukuigizia mlio wa injini kwa mdomo. Haya, karatasi hii hapa. Haina mlio.

Shida yangu ni abiria. Kila Jumanne nampeleka mtu mjini na kumrudisha. Barabara imefumuliwa ili itengenezwe, kisha waliofumua wakaondoka, kwa hiyo kuna kilomita kumi na moja za mawe matupu. Nikiwa peke yangu napita vizuri tu. Nikimpakia abiria, akifika anashuka ameshika kiuno. Nilikwenda kwa yule fundi wa kona anayejiita Daktari. Akanifungia shokapu mpya za nyuma, za njano, zenye vichupa vyekundu ubavuni. Kilichobadilika ni rangi.

Abiria ni mtu mzima wa kawaida. Nifanyeje ili asiumie?

Mpwa wako

19 Februari

Marahaba.

Kuku hawajambo. Mmoja amekufa, alikuwa mjinga.

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili ili nihakikishe kwamba mtu wa damu yangu ameandika "shokapu za njano" bila aibu. Vichupa hivyo vyekundu ni vitupu, mwanangu. Vigonge kwa kucha utasikia. Huyo Daktari wako amekufungia mapambo, na wewe mshonaji, ambaye huwezi kuuziwa uzi mbovu hata gizani, umempa mkono na kumwambia ahsante.

"Mtu mzima wa kawaida" si kipimo. Nikija mimi kwako nikakwambia nishonee suruali ya mtu mzima wa kawaida, utanifukuza. Lakini sina haja ya kuuliza. Jumanne ni siku ya soko la vitambaa, na katika ukoo wetu ni mtu mmoja tu anayepewa siti bure kisha akailalamikia. Ni mama yako.

Wewe wakati ule ulikuwa shule, kwa hiyo nikukumbushe. Nilipofungua karakana yangu nilimwalika yeye wa kwanza, dada yangu mkubwa, mbele ya wateja wote. Nikampakia kwenye pikipiki niliyoiunda kwa mikono yangu, nikamzungusha uwanja mzima. Aliposhuka akajikung'uta, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza mnada: "Huyu hakunipakia. Kanishusha ngazi kwa makalio." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kufika jioni nilikuwa naitwa Ngazi. Mtu anakuja na tairi lake begani, anauliza, Fundi Ngazi yupo? Nilivumilia mwaka mmoja, nikafunga, nikaja huku machimboni ambako mawe hayatoi watu majina. Hiyo ni miaka kumi na mmoja. Sijamwomba mama yako radhi na sijui ningemwomba ya nini, mashine ile ilikuwa safi.

Tuje kwenye kazi. Mama yako ana kilo sabini na tatu. Sijampima. Mimi mtu nikimtazama tu namjua kilo zake. Uzito huo ukikaa nyuma ya mashine yako ya nyanya, springi zinabonyea mpaka zinagonga mwisho, na kinachompiga kiunoni ni ule mgongano wa chuma kwa chuma. Dawa ni springi ngumu. Nampa dereva mbili, nimezitoa kwenye pikipiki ya kubebea mitungi ya gesi. Mpelekee fundi yeyote asiye Daktari. Pete ya chini ya springi, ile inayozungushwa kwa spana ya ndoano, ikazwe mpaka alama ya mwisho, kulia na kushoto sawasawa. Tairi la nyuma usilijaze upepo kama mpira wa kuchezea.

Asipotulia hapo, basi analalamika kwa kupenda.

Mjomba

14 Machi

Mjomba, shikamoo.

Springi zimechelewa kwa sababu dereva alizisahau chini ya kiti chake, na anasema alikuwa anajiuliza wiki mbili ni nini kinamchoma. Huku hatujambo. Kaka ameuza tangi kwa mtu ambaye hana bomba. Mvua imeanza.

Nilizifunga kama ulivyosema, pete mpaka mwisho, kulia na kushoto. Jumanne ya kwanza tulipoingia kwenye mawe abiria alirushwa juu akauma ulimi. Jumanne ya pili hatukufika hata nusu, akaniomba tushuke. Tukatembea, mimi nasukuma pikipiki, yeye ameshika siti kama mtu anayesindikiza ng'ombe. Kabla hujanihukumu kwamba nimefunga vibaya, jua kwamba nilifungiwa na fundi wa mashine za maji, mtu makini, na nilimsimamia kwa macho yote mawili.

Nimeshona na mto wa siti, sponji la inchi nne juu yake ngozi ya bandia. Umesaidia kidogo sana.

Uliandika kwamba ni mama. Ndiyo, ni yeye. Nilipomsomea barua yako alicheka, akaniambia nikuandikie maneno haya bila kupunguza: "Mwambie Ngazi kwamba safari hii ameongeza ghorofa."

Halafu, mjomba, soko la vitambaa lilihamishiwa Alhamisi. Ni mwaka wa tano sasa.

Nikuulize kitu, na usikasirike. Katika miaka yako yote ya ufundi, umewahi kukaa siti ya nyuma?

Mpwa wako

27 Machi

Nimekasirika.

Salamu utazipata barua ijayo ukizistahili. Sijawahi kukaa siti ya nyuma na sitakaa. Huko wanakaa magunia na watu wasiojua kuendesha. Daktari wa meno hang'oi meno yake mwenyewe ili ajifunze.

Sponji la inchi nne. Hongera. Umeyabembeleza makalio na kuusahau mgongo. Siku nyingine nyumba ikivuja mshonee mtu kofia.

Springi zile nazijua kama ninavyozijua kucha zangu. Haziwezi kumrusha mtu wa kilo sabini na tatu. Labda yule mtu makini wa mashine za maji ameziweka kichwa chini, labda mama yako anaruka mwenyewe kwa makusudi ili anitie aibu mara ya pili. Vyote viwili vinawezekana. Sasa tuache kukisia, tupime, maana rula haina ndugu.

Chukua chaki. Piga mstari kwenye fremu chini ya siti, juu kabisa ya nati ya gurudumu la nyuma. Tafuta mtu mwenye akili akushikie rula. Kwanza inua pikipiki mpaka gurudumu la nyuma lining'inie hewani, pima kutoka nati mpaka mstari. Pili ishushe, kaa wewe peke yako, miguu juu, pima tena. Tatu kaa wewe na abiria, pima. Abiria akae kama anavyokaa siku zote, asijishike ukutani na asijifanye mwepesi. Niandikie namba tatu kwa milimita. Na uniandikie uzito wake wa kweli, wa mzani. Usinipe "karibu" wala "kama".

Soko likiwa Alhamisi au Jumapili hainihusu. Mnakokwenda Jumanne ni kwenu.

Mjomba

9 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Kaka hajambo. Cherehani hazijambo.

Tumepima. Jirani, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyeshika rula, kwa hiyo akili ilikuwepo. Mama alikaa wima akasema amekuja kupimwa sare, nisibane kwapani.

Gurudumu likiwa hewani: 310.
Mimi peke yangu: 297.
Mimi na abiria: 288.

Mwalimu alipima mara tatu. Uzito sijaandika kwa sababu nyumbani hatuna mzani.

Mpwa wako

20 Aprili

Mpwa wangu,

Namba zako zilipofika nilicheka. Nikasema huyu mtoto amechukua utepe wa kupimia mapaja ya suruali. Milimita tisa. Mtu wa kilo sabini na tatu anakaa nyuma, na springi zinashuka milimita tisa, kana kwamba amekaa paka. Nikakunja barua nikaenda kula.

Sahani nikaiacha nusu. Nikamwendea mlinzi wa lango, ana pikipiki kama yako, nikaifunga springi ndugu za zile nilizokutumia, zimekatwa siku moja. Nikamkalisha mlinzi mbele, yeye peke yake alizishusha springi sawa na wewe. Nyuma nikaweka gunia la mchanga, nimelipima kwenye mzani wa ghala: kilo sabini na tatu kamili. Rula ikasoma kumi na saba. Sawa kabisa na hesabu yangu, wala springi hazina ubaya.

Ndipo nikaanza kupunguza mchanga. Kopo moja, napima. Kopo jingine, napima. Nilidhani baada ya makopo matatu manne nitafika kwenye tisa yako, niweze kukwambia mama yako amepungua kidogo, amejitahidi, mpe pole. Rula ikasoma kumi na tano. Nikatoa. Kumi na tatu. Nikatoa tena. Mlinzi akauliza, fundi, unatafuta nini humo? Nikamwambia anyamaze, kazi yake ni kukaa. Ilipofika tisa, gunia lilikuwa limelala kwenye siti kama nguo. Nikalipeleka kwenye mzani. Kilo thelathini na nane.

Nilirudia tangu mwanzo, mara tatu. Ya tatu mlinzi alishuka akaenda zake, nikakaa mbele mimi.

Kwa hiyo moja kati ya haya. Umenidanganya kipimo. Au unampakia mtoto wa mtu na kumsingizia mama yako. Au mwalimu wako wa hesabu hajui kusoma rula, na wazazi wa shule yake waambiwe. Chagua moja uniandikie. Usinijaze habari za kaka yako na matangi. Barua mbili sasa hujaandika "mama hajambo", na mimi huwa nahesabu vitu.

Jumanne mnakwenda wapi?

Mjomba

24 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mwalimu anajua kusoma rula.

Hospitali. Kila Jumanne, tangu Novemba. Mama ana uvimbe tumboni. Anatundikiwa dripu ya dawa saa nne nzima, kisha namrudisha. Usiulize kwa nini simpakii kwenye gari, gari la madirisha linamtapisha kabla hata halijawaka, lakini upepo wa pikipiki unamtuliza. Alichoshindwa ni mawe tu. Kila jiwe analisikia pale pale palipo na uvimbe.

Alinikataza nisikwambie. Aliniapisha, na kaka pia. Alisema: "Asije huyo na huruma yake. Akinichukia nimeshamzoea, nitaanza vipi kumzoea akinihurumia." Ndiyo maana nilikuandikia mtu mzima wa kawaida. Nilifikiri utaniambia kaza hapa, legeza pale, mambo yaishe. Sikujua kwamba springi zinasema.

Sasa nami niseme yangu, kwa sababu umenitukana barua tatu nikanyamaza. Umehitaji rula na gunia la mchanga ili ujue hali ya dada yako. Miaka kumi na mmoja hukumwandikia hata mstari mmoja wa kumuuliza kaamkaje, kwa sababu ya neno moja, tena la kuchekesha. Watu wanasema maneno mabaya kuliko hayo kwenye harusi. Umekaa huko kwenye mawe unaringa kwamba ukimtazama mtu unajua kilo zake. Na kweli, ulikuwa sahihi. Mwaka ule alikuwa sabini na tatu, nimeangalia kwenye kadi yake ya zamani ya kliniki. Jicho lako halikosei kabisa, mradi mtu awe mbele yako.

Siku tuliyopima, mwalimu aliposoma 288, niliingia ndani nikalia. Sikujua hata namba ina maana gani. Nililia kwa sababu alipopanda nyuma yangu sikusikia pikipiki ikishuka.

Mpwa wako

8 Mei

Mpwa wangu,

Nampa dereva mfuko. Safari hii hautakuwa chini ya kiti chake, nimeufunga shingoni mwake mwenyewe.

Springi za mwanzo zitupe. Aliyezichagua ni mpumbavu, alichagua kwa ajili ya mtu anayemkumbuka badala ya mtu aliyekaa. Hizi mpya ni laini. Nimezijaribu kwa gunia la kilo thelathini na nane kwenye barabara ya kupandia mawe hapa kwetu, na juu ya gunia niliweka bakuli la maji. Bakuli la kwanza lilimwagika, la pili, la tatu. Kwa springi ya tano bakuli lilifika na maji.

Pete za kiwandani nimezitoa. Hizi nimechonga mwenyewe kwa tupa. Kila pete ina alama saba. Pete ikikaa chini kabisa, ni kwa uzito wa sasa. Kila akiongeza kilo tano, zungusha alama moja kwenda juu, kulia na kushoto sawa. Alama ya saba ni kilo sabini na tatu.

Vikanyagio vya abiria viteremshwe upana wa vidole vitatu, magoti yasimsukume tumbo. Mafuta ya shokapu za mbele yamwagwe yawekwe mazito kidogo, ukifunga breki asije akakulalia mgongoni. Upepo wa tairi la nyuma punguza mpaka ukilibonyeza kwa kidole gumba lisikilize kidogo. Na ule mto wako uache. Nilikosea kuhusu mto.

Na yale mengine uliyoandika. Nimeyasoma.

Mjomba

12 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa kukuandikia na nitakueleza sababu.

Springi zilifungwa tarehe 15. Jumanne iliyofuata tuliingia kwenye mawe, nikasikia nyuma kimya, nikaogopa. Nikasimama nikageuka. Mama akaniuliza, "Umesimamia nini, mafuta yameisha?" Alikuwa anatazama nyumba za watu. Kutoka pale mpaka hospitali alizisema zote: hii rangi yake kama ya dawa ya minyoo, ile mwenye nyumba anafuga mbuzi hajui hata kufunga geti, pale wameanika mashuka yasiyofuliwa. Kilomita kumi na moja za masengenyo, mjomba. Sikuwahi kufurahi hivyo. Alishuka mwenyewe, hakushika kiuno. Muuguzi aliuliza leo mmekuja na gari gani.

Hajawahi kuniuliza springi zimetoka wapi. Ila siku ya pili nilimkuta amechuchumaa nyuma ya pikipiki, amevaa miwani, anapitisha kidole kwenye zile alama, moja moja mpaka ya saba.

Mwisho wa Mei aliongeza kilo mbili. Si tano, lakini mimi nilichukua spana nikasogeza nusu alama kwa furaha tu. Nilipiga kigelegele mle mle wodini, wakanitoa nje. Wiki iliyofuata nikairudisha nusu. Kisha mzani ukaendelea kushuka. Jumanne hii ni kilo thelathini na tatu. Pete iko chini kabisa, haina pengine pa kwenda, na mawe yameanza kumrusha tena.

Jana jioni alinipa maneno ya kukufikishia. Nayaandika kama yalivyo: "Mwulize Ngazi, huyu ni fundi gani anayechonga alama za kupanda tu? Ya kushuka iko wapi? Au alidhani mimi ni bei ya sukari?" Alicheka mwenyewe, kisha akakohoa muda mrefu.

Mimi sikuombi uje. Yeye pia hajasema uje, na ukimjua vizuri hatasema. Naomba alama moja chini ya pale pete ilipo sasa.

Mpwa wako

18 Juni

Mpwa wangu,

Nakuandikia kituoni, juu ya sanduku la vifaa. Basi la leo limejaa mpaka mlangoni. Konda amekataa kunibeba, barua amekubali. Mimi nakuja na la kesho, nitafika jioni.

Barua yako niliipata juzi asubuhi. Nikachukua pete nyingine nikaibana kwenye jiriwa ya benchi ili nichonge hiyo alama ya chini. Tupa iliteleza. Nikaanza upya, ikateleza tena, ikanikata. Miaka thelathini sijawahi kukatwa na tupa, hilo ni jambo la wanafunzi. Nikakaa pale kwenye benchi nikalia, na walioniona wameniona. Alama ya chini sikuichonga kwa sababu nilipokuwa nachonga zile saba sikutaka iwepo. Huo ndio ufundi wangu. Mwambie amenikamata.

Lori linakuja Jumamosi, nisingeweza kulisubiri. Pikipiki yangu mwenyewe iko vipande vipande, ndiyo niliyotolea springi zenu. Kwa hiyo mlinzi wa lango amenipakia mpaka hapa kituoni. Kilomita arobaini za mawe, mimi nimekaa nyuma, sanduku mapajani.

Sasa sikiliza, na umsomee dada polepole. Kuanzia kilomita ya tatu nilikuwa nimemshika mlinzi kiuno kama mchumba. Ya kumi nilimwomba asimame, nikashuka, nikatembea. Mbele uko na usukani, unaliona jiwe linakuja na unajiandaa. Nyuma huoni kitu ila mgongo wa mtu, na kila jiwe linakukuta hujui. Mashine ile niliyompakia siku ya karakana niliifunga springi za mtu mmoja, za kwangu. Hata sikufikiri kwamba nyuma yangu kuna mtu. Nimelijua hilo leo, nina miaka hamsini na minane, na nimesimama hapa kituoni nimeshika kiuno, watu wanapisha.

Usiguse pete mpaka nifike. Nakuja na tupa, springi nne laini, na mzani. Jumanne utaendesha wewe, mimi nitatangulia kwa miguu kwenye yale mawe nikuonyeshe pa kupita.

Na mwambie dada alisema kweli. Ilikuwa ngazi, tangu juu mpaka chini. Kesho jioni nikishuka kwenye basi, kama ana nguvu awe mlangoni, aniite jina alilonipa, kwa sauti, majirani wote wasikie. Nitaitika.

Ngazi